Katuni Yako Imegoma? Tafuta Kosa Kabla ya Kufuta

Jumamosi mchana huwa napokea kurasa za vijana wanaochora katuni. Mwingine anakuja na daftari la shule, mwingine na tableti, mwingine anafungua simu yenye kioo kilichopasuka na kuniomba nivumilie ule ufa uliopita katikati ya fremu ya tatu. Malalamiko ni yaleyale, na karibu kila mmoja anamalizia hivi: "Kaka, nadhani sijui kuchora." Mara nyingi anajisingizia. Mkono hauna kosa. Kosa ni fremu ipi imepewa nafasi, sekunde ipi imechaguliwa, na nani anamtazama nani.

Kwa hiyo fanya kama fundi redio wa Kariakoo: angalia kwanza kama waya umechomekwa, ndipo ufungue kasha. Toa nakala mbili za ukurasa wako pale stationery, uzifanyie majaribio kwa mkasi na gundi. Ufutio utafuata baadaye, kama utahitajika.

Tuelewane maneno. Fremu ni kile kisanduku cha picha. Puto ni pale maneno ya mhusika yanapokaa. Mwanya ni ile nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu. Katuni yenyewe wengine huiita kibonzo, na wapo wazee ambao mchoro wowote wa kuchekesha kwao ni "chakubanga", kwa sababu ya yule Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru.

DALILI: "Kila kitu kinatokea papo hapo, muda haupiti"

Hii ndiyo inayoongoza.

Kijana mmoja aliniletea ukanda wa fremu sita. Abiria kapanda daladala ya Mbagala, katoa noti ya elfu kumi. Konda anamwambia, "Anko, chenji subiri." Fremu ya tatu gari liko Mtoni. Ya nne abiria anachungulia dirishani. Ya tano kituo cha mwisho. Ya sita abiria kashuka, anageuka, konda hayupo. Wazo zuri sana. Kila mkazi wa Dar amewahi kulilipia wazo hilo kutoka mfukoni mwake. Lakini ukisoma, hukusubiri chochote. Ungedhani Mbagala ni hatua mbili kutoka Kariakoo.

Kisababishi cha kwanza, ambacho ndicho cha kawaida kuliko vyote: fremu zote zina upana mmoja. Kwenye katuni muda unanunuliwa kwa nafasi. Fremu pana isiyo na maneno humfanya msomaji akae. Fremu nyembamba zikifuatana, picha ileile, pembe ileile, hugonga kama saa ya ukutani. Fremu sita zilizo sawa hazisemi lolote. Ni kama mtu anayesimulia harusi na ajali kwa sauti moja.

Tulichofanya ni kukata fremu ya nne na kuweka tatu nyembamba mahali pake. Kiti kilekile, dirisha lilelile, abiria yuleyule. Kinachobadilika ni kiganja tu. Katika ya kwanza kiganja kiko wazi, kinasubiri chenji. Katika ya pili bado kiko wazi, lakini kimeshuka hadi juu ya goti. Katika ya tatu vidole vimejikunja vyenyewe. Hakuna puto hata moja. Kijana alipoona akacheka, halafu akanyamaza, akaniambia, "Hapo kweli nimekaa kwenye foleni."

Kisababishi cha pili kimo kwenye mwanya. Msomaji ndiye anayejaza kilichotokea kati ya fremu na fremu. Pembe isipobadilika, atajaza sekunde. Ukibadilisha mahali, atajaza dakika au masaa. Ukiruka kutoka kituoni hadi sebuleni bila kumpa hata kitu kimoja cha kushika (shati lilelile, mfuko uleule wa nyanya, bandeji ileile), atadhani ni mtu mwingine. Kabla ya kuandika "Baadaye..." kwenye kisanduku cha maelezo, jaribu kwanza kumpa kitu cha kushika.

Cha tatu ni saa. Usicheke, nimeiona zaidi ya mara moja: puto linasema "saa moja asubuhi" na mchoraji kachora saa ya ukutani ambayo mshale mfupi uko kwenye 1. Msomaji wetu akiiona hiyo anasoma saa saba. Saa moja mshale mfupi unakaa kwenye 7. Akili ya mchoraji ilikuwa inaandika Kiswahili huku mkono ukichora namba.

Cha nne kinawapata waliojifunza kwa kutazama katuni za nje. Wanaonyesha miezi kupita kwa majani kupukutika na theluji. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hakuna kitakachopukutika. Tuna masika, kuanzia Machi hadi Mei, na barabara ya Jangwani ikiwa imejaa maji. Tuna vuli. Tuna maembe yanayorundikwa barabarani mwezi Desemba, na daku wakati wa Ramadhani. Hata jua uliangalie upya. Mchana kivuli cha mtu kinajificha karibu na miguu yake, na jioni giza huingia haraka mno. Ukichora machweo ya rangi ya chungwa yanayodumu fremu nane, umehamia nchi nyingine bila pasipoti.

Acha na utafute msaada pale ambapo watu watatu wasioijua hadithi wameshindwa kukuambia nini kilitangulia nini, na umeshapanga upya mara mbili. Hapo tatizo si mchoro, ni hadithi. Mpelekee mwandishi au mhariri ikiwa bado kwenye penseli. Ukishatia wino utaanza kuitetea.

DALILI: "Anaanguka huku anahutubia"

Ndugu ya ile ya juu, lakini inastahili nafasi yake kwa sababu dawa yake ni rahisi kupita zote. Mhusika yuko hewani, kateleza kwenye ganda la ndizi, na puto lake lina maneno ishirini na tano. Soma puto kwa sauti huku umeinua mguu mmoja. Ukichoka kabla ya nukta, punguza. Mtu anayeanguka ana nafasi ya "Mama!" na basi. Yaliyobaki atayasema akiwa chini, na ndipo yatakapochekesha.

DALILI: "Anakimbia lakini amesimama"

Kabla ya kuongeza mistari ya mwendo, na najua mkono unawasha kuiongeza, nenda Posta, katikati ya Dar. Simama mbele ya Sanamu ya Askari pale kwenye mzunguko wa Samora. Iko pale tangu mwaka 1927, ni shaba tupu, haina mstari hata mmoja nyuma yake. Hata hivyo kila anayepita anamwona askari yule anasonga kuelekea bandarini. Kwa nini? Mwili umelalia mbele, uzito umehamia mguu wa mbele, na bunduki yenye singe inaliambia jicho lako liende wapi.

Sasa rudi kwa mkimbiaji wako. Pitisha rula kutoka kichwani hadi kwenye nyonga. Kama mstari uko wima, umepata ugonjwa. Mlaze mbele. Anayefunga breki mlaze nyuma. Anayebeba gunia pale Feri mpinde upande ulio kinyume na mzigo.

Kama mwili umelala na bado hatembei, tazama sekunde uliyoichagua. Mwaka 1878 huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi anayekimbia, na picha zikaonyesha kwamba kweli kuna muda kwato zote nne zinakuwa hewani. Ila ni wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, wala si wakati imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora. Wengi hapo hutoa funzo kwamba tuchore kilicho kweli. Mimi nachukua jingine: chagua kabla au baada, epuka katikati. Ngumi iliyovutwa nyuma ina nguvu kuliko ngumi iliyogusa shavu. Mpira ulioacha mguu una kasi kuliko mpira uliobandikwa kwenye kiatu. Ile sekunde ya kugusana ndiyo iliyokufa, na wanafunzi wanaipenda hiyohiyo.

Kisababishi kingine ni kivuli. Mtu anayeruka akiwa na kivuli kilichogusana na miguu yake, hajaruka. Kishushe kivuli chini, acha uwazi. Inachukua nusu dakika.

Halafu kuna mwelekeo. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo bodaboda inayoelekea kulia inakwenda na jicho, na inayoelekea kushoto inapambana nalo. Si kosa kuielekeza kushoto; fanya hivyo mhusika anaporudi nyumbani, au anapokuja adui. Kosa ni kumbadilisha upande katikati ya safari bila sababu, msomaji akadhani amesahau kitu nyumbani. (Mababu waliosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu wangeona kinyume kabisa. Jicho ni mazoea.)

Sasa mistari. Inakaa nyuma ya kitu, inafuata njia kiliyopita, inaanza minene na kuishia myembamba. Ikiwa mbele ya kitu inageuka kuwa mvua. Na kuna mbinu ya Wajapani ya kumwacha mwendeshaji akiwa safi huku mandhari yote nyuma yake yamechanwa kwa mistari. Hapo msomaji hamtazami akipita, amepakiwa. Nzuri kwa fremu moja. Ukiitumia ukurasa mzima, abiria wako atatapika.

La mwisho hapa ni sauti, na hapa nina ugomvi na watu. Kijana anachora embe linaanguka kwenye bati, halafu anaandika neno alilolikuta kwenye katuni ya Marekani. Kiswahili kimejaa maneno haya hadi yanamwagika! Mtu anaanguka pu. Jiwe linatumbukia chubwi. Fimbo inavunjika kacha. Mlango unagongwa ngo, ngo, ngo. Mlinzi kalala fofofo. Hata kutokuwepo kwa sauti kuna neno lake: jii. Nimewahi kuona fremu ya chumba cha msiba, watu wameketi chini, na juu kabisa kwenye kona herufi tatu ndogo, "jii". Sijui kama kuna lugha nyingi zinazokuruhusu kuandika kimya kama sauti. Neno liweke pale tukio linapogusana, liinamie upande ule ule wa mwendo, na ukubwa wa herufi ufuate ukubwa wa kelele. "Pu" ya mtoto na "pu" ya jokofu haziwezi kulingana.

DALILI: "Sura haisemi kitu"

Jaribio la kwanza ni la kidole. Ziba mdomo wa mhusika kwa kidole, utazame macho na nyusi. Halafu ziba nyusi, utazame mdomo. Upande mmoja ukiwa haufanyi kazi, umeujua. Kwa wanaoanza karibu kila mara ni nyusi: wamezichora kama paa la nyumba, wakaziacha hivyo kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Ncha za ndani zikishuka, ni hasira. Zikipanda, ni huzuni au hofu. Moja juu moja chini, hajakuamini. Mwalimu mmoja wa Geneva, Rodolphe Töpffer, aliyekuwa akisimulia hadithi kwa michoro, aliandika mwaka 1845 kwamba sura yoyote, hata iliyokorogwa ovyo na mtoto, lazima itakuwa na hisia fulani. Ana haki. Kwa hiyo tatizo lako si sura isiyo na hisia; ni sura yenye hisia ambayo hukuikusudia.

Kisababishi cha pili: unazidisha mapema. Mama katika fremu ya kwanza kagundua sukari imeisha, mdomo wazi, machozi, mikono kichwani. Je, akipigiwa simu ya msiba atafanya nini? Panga ukurasa mzima, mpe hisia kubwa fremu moja, nyingine zipunguze. Mikono kichwani kwetu ni kitu kizito. Usiitoe kwa sababu ya sukari.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kisababishi ninachokiona kikiongezeka: ishara za kuazima. Mhusika kapandwa na hasira, mchoraji kamwekea ule mshipa wa katuni za Kijapani kwenye paji la uso. Kapenda msichana, damu inamtoka puani. Vijana wanaelewa. Shangazi yangu alitazama, akauliza nani kampiga. Tone kubwa la jasho pembeni ya kichwa nalo lina kasoro yake ya hapa hapa: mwezi Februari jijini kila mtu ana tone la jasho, akiwemo asiye na wasiwasi wowote.

Tazama badala yake watu wanavyofanya kweli. Anayewaza mzigo mzito hushika tama. Asiyeridhika hubinua mdomo, na msonyo una umbo lake: midomo imebana, kichwa kimegeukia pembeni, jicho limebaki palepale. Mwanamke akiona maajabu hupiga makofi mara moja na kuacha viganja vimegusana. Na angalia hili, maana limeharibu hadithi nyingi: kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee hana huzuni wala hatia. Ana adabu. Ukitaka aonekane mwongo, mpe kitu kingine, vidole vinavyochezea kifungo cha shati kwa mfano, la sivyo wasomaji wako watamsifu.

Mwili ukikataa, jipige picha mwenyewe kwa simu ukiwa katika pozi hilo. Utaona aibu mara ya kwanza tu.

Cha nadra kidogo ni puto. Maneno ya hasira ndani ya puto la duara lililotulia hupoa. Kingo za mchongoko kwa kelele, nukta nukta kwa mnong'ono, wingu kwa mawazo. Ila mhusika akipiga kelele kila fremu, utamaliza michongoko, na utarudi kwenye kisababishi cha pili.

Simama hapa kama sura hiyo ni ya mtu halisi anayejulikana, na hisia uliyompa ni ulevi, wizi au uzinzi. Usichapishe kwanza ukaomba radhi baadaye. Muulize mhariri, kama unajitegemea, muulize wakili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Huduma za Habari ya 2016 hazimwachi mchoraji nje ya mlango.

DALILI: "Wanasoma jibu kabla ya swali"

Puto la kwanza liko chini kuliko la pili. Lipandishe. Hiyo humaliza kesi nyingi.

Isipomalizika, muulize mchoraji amekulia kusoma nini. Aliyekulia katuni za Kijapani kwenye simu hupanga wahusika kuanzia kulia bila kujijua, kwa kuwa kule wanasoma hivyo. Mwache abadilishe nafasi za wahusika: anayeanza kusema akae kushoto. Mikia ya maputo ikipishana kama nyaya za nguzo ya mtaani, nayo ni dalili ya hilohilo.

Na kama kichekesho chako hakichekeshi ingawa mpangilio ni sahihi, geuza ukurasa juu chini utazame ni wapi jicho linatua kwanza. Ukikuta ni fremu ya mwisho, kwa sababu ndiyo pekee yenye rangi nyekundu au herufi kubwa, umejiharibia mwenyewe. Msomaji ameona konda hayupo kabla hajaona noti ikitolewa.

DALILI: "Kwenye karatasi ilikuwa hai, kwenye simu imekufa"

Kwanza, uliituma kama picha kwenye WhatsApp na ikabanwa. Itume kama faili. Pili, ukurasa wa fremu tisa ukitazamwa kwenye simu ndani ya basi la mwendokasi unaonekana kama stempu. Zipange fremu moja chini ya nyingine, na ile mianya uliyoizoea uirefushe, kwa sababu kwa anayeshusha kwa kidole, umbali mweupe ndio muda wenyewe. Kiganja cha yule abiria wa Mbagala tulikiwekea uwazi mrefu kabla ya kile cha tatu, na kikafanya kazi vizuri kuliko kwenye karatasi.

Kwa kuchapa mambo ni mengine. Rangi iwe angalau dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), mistari myeusi mitupu 600 au zaidi. Buluu na kijani zinazong'aa kwenye kioo zitafifia zikigeuzwa kuwa rangi nne za mashine. Usihangaike kuzirekebisha kwa kubahatisha. Lipia nakala moja ya majaribio, kaa na fundi wa mashine, umwonyeshe kwa kidole ni mstari upi haupaswi kupotea. Mistari ya mwendo ndiyo huwa ya kwanza kupotea, kwa kuwa ndiyo myembamba.

DALILI: "Mistari inatetemeka na vidole vinakufa ganzi"

Hii haimo kwenye ukurasa, imo kwenye kifundo cha mkono. Angalia kwanza urefu wa meza, na unavyoibana kalamu. Chora kwa bega, si kwa vidole peke yake. Pumzika kila baada ya muda, nyoosha kiganja.

Lakini ganzi ikikuamsha usiku, au ikidumu siku kadhaa kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, au vikombe vinaanza kukuponyoka, weka kalamu chini. Usifunge bandeji ukaendelea kwa kuwa kazi inatakiwa Jumatatu. Nenda hospitali, mweleze daktari kwamba unachora, na umwambie ni saa ngapi kwa siku. Mwenye kazi mpigie simu leo, kabla hujatoka.